Mashine Nyepesi ya Kukata Majani kwa Kiwanja Chenye Mteremko: Mazungumzo na Wakazi wa Kibaha na Kisarawe



Maneno haya nimekwisha kuyasema Kibaha, na leo nayasema hapa Kisarawe. Nimeichagua miji hii miwili kwa makusudi. Ni majirani ndani ya Mkoa mmoja wa Pwani, mvua zao ni zilezile za vuli na masika, na majani huota kwa kasi ileile. Hata hivyo, ardhi yake hailingani. Kibaha, wengi wenu mmejenga juu ya viwanja vya mchanga vyenye mteremko mdogo, isipokuwa wale walioko kando ya mabonde. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, na si wachache ambao sebule yao iko juu na shamba la mihogo liko chini, katikati pakiwa na ubavu wa kilima uliojaa majani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mashine ipi inafaa na ipi haifai.

Wapo watakaojiuliza ni kwa nini mtumishi wa taasisi ya umma awaite watu kuzungumzia majani. Sababu ni mbili. Kwanza, majani marefu huficha nyoka, nge na makopo yanayotuamisha maji ya kuzalia mbu, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakumbushwa wajibu wa usafi. Pili, mashine ya kukata majani ni miongoni mwa bidhaa ambazo mwananchi huinunua mara moja, kwa fedha alizodunduliza muda mrefu, huku akiwa na maelezo machache sana. Akikosea, hasara ni ya fedha. Na mahali penye mteremko, hasara yaweza kuwa ya mwili.

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nina baba mdogo anayeishi Kibaha na shangazi anayeishi hapa Kisarawe. Baba mdogo alikuwa na mashine ya petroli ya magurudumu manne, yenye uzito wa kilo 32, naye aliisifu kila tulipokutana. Shangazi aliponiuliza anunue ipi, nilimshauri anunue ya aina hiyohiyo. Nilikagua nembo, nikalinganisha bei, nikasisitiza risiti. Jambo moja sikuuliza: kiwanja chake kimekaaje. Mjumbe wa kuwashauri walaji nilisahau swali la kwanza.

Kijana aliyekuwa akimsaidia shangazi aliichukua mashine ile asubuhi moja baada ya manyunyu, akaanza kukata kutoka juu kwenda chini. Alikuwa amevaa kandambili. Mshikio wa usalama, ambao ukiuachia kisu husimama, alikuwa ameufunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu ulimchosha mkono. Alipoivuta mashine kurudi juu, mguu uliteleza na mashine ikamfuata. Kisu kilikata ncha ya kandambili na kumjeruhi kidole gumba. Alishonwa, akapona, na anatembea vizuri. Lakini ingeongezeka sentimita chache, leo nisingekuwa na ujasiri wa kusimama mbele yenu.

Kijana alifanya makosa, nami nitayataja. Kosa la kwanza, hata hivyo, lilifanyika dukani, na lilikuwa langu. Mashine ile haikuwa mbovu. Ilikuwa nzito mno kwa mahali pale.

Hebu tuangalie hesabu yake. Kitu chochote kilichowekwa kwenye mteremko huvutwa chini kwa sehemu ya uzito wake. Kwenye mteremko wa nyuzi 15, sehemu hiyo ni zaidi kidogo ya robo. Kwa hiyo mashine ya kilo 32 humvuta mtu kwa takribani kilo 8, sawa na ndoo yenye lita 8 za maji, naye huibeba ndoo hiyo muda wote wa kazi, akiwa amesimama juu ya majani yanayoteleza. Mashine ya kilo 12 humvuta kwa kilo 3 tu. Watu wengi dukani huijaribu mashine kwa kuisukuma sakafuni, na sakafuni kila mashine ni nyepesi. Swali la mwenye kiwanja cha kilimani ni hili: je, ikianza kushuka, nitaweza kuizuia?

Kwa sababu hiyo, kabla hujaenda Kariakoo au duka lolote la vifaa, pima mteremko wako. Kazi hii haihitaji mpima ardhi. Tafuta ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, pima maji ya fundi mwashi, na tepu. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, na ncha ya pili ielekee bondeni. Inua ncha ya pili mpaka pima maji ionyeshe kuwa ubao umelala sawa. Kisha pima kutoka ncha hiyo kwenda chini wima hadi ardhini. Kama huna pima maji, laza juu ya ubao chupa angavu iliyojaa maji nusu, na utazame kama mstari wa maji unakwenda sambamba na ubavu wa chupa. Rudia kazi hiyo mahali patatu, na uchukue kipimo kilicho kikubwa kuliko vyote, maana ajali hutokea mahali palipo pakali zaidi.

Ukipata chini ya sentimita 18, mteremko wako haufiki nyuzi 10. Hapo karibu mashine yoyote ya magurudumu itafaa, mradi uwe mwangalifu. Ukipata kati ya sentimita 18 na 27, uko kati ya nyuzi 10 na 15. Hapo chagua mashine nyepesi tu, na ukate majani yakiwa makavu. Ukipata zaidi ya sentimita 27, umevuka nyuzi 15, kiwango ambacho vitabu vingi vya maelekezo ya mashine za kusukuma hukitaja kuwa ndio mwisho. Hapo usinunue mashine ya magurudumu kabisa, hata ukipewa kwa nusu ya bei.

Sasa tuzitazame aina zilizopo, moja baada ya nyingine, kwa jicho la mtu wa kilimani.

Aina ya kwanza ni mashine ya kusukuma kwa mkono isiyo na injini, yenye visu vilivyozungushwa kama pipa. Mara nyingi uzito wake hauzidi kilo 12. Haina mafuta, haina waya, na ukisimama nayo visu husimama. Kwa ukoka au majani ya Pemba yanayokatwa kila wiki, ni mashine nzuri sana. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi majani marefu, na kijiti kidogo tu kinatosha kuikwamisha. Mwenye kukata mara moja kwa miezi miwili asiinunue.

Aina ya pili ni mashine ya umeme ya waya. Nyingi ni nyepesi, kati ya kilo 10 na 15. Haina gharama kubwa ya kuendesha: mota ya wati 1,200 ikifanya kazi kwa nusu saa hutumia uniti 0.6 za umeme. Tatizo lake ni waya wenyewe. Kwenye mteremko waya hushuka kuelekea kwenye kisu, kwa hiyo uanze kukata sehemu iliyo karibu na soketi na kusogea mbali, waya ukiwa begani na nyuma yako. Tumia waya wa kuongezea uliotengenezwa kwa matumizi ya nje, usio na kiungo kilichofungwa kwa plasta. Mwombe fundi umeme aweke kwenye saketi hiyo kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Majani yakiwa na umande, mashine hii ibaki ndani.

Aina ya tatu ni mashine ya betri. Haina waya wala moshi, na zilizo ndogo ni nyepesi. Hapa mnunuzi hupotoshwa na tarakimu. Betri iliyoandikwa volti 20 na ile iliyoandikwa volti 18 mara nyingi ni kitu kimoja: ya kwanza imepimwa ikiwa imejaa kabisa, ya pili imepimwa ikiwa kazini. Kinachokueleza muda wa kazi ni volti zikizidishwa kwa saa za ampea. Betri ya volti 36 yenye saa 4 za ampea ina wati-saa 144. Ikiendesha mota inayotumia wati 400, itadumu kwa takribani dakika 20. Linganisha dakika hizo na ukubwa wa kiwanja chako. Uliza pia kama betri ya akiba inauzwa hapa nchini, na kwa bei gani, maana mashine isiyo na betri haina kazi.

Aina ya nne ni ile ya petroli yenye magurudumu, ambayo nyingi zina uzito wa kilo 25 hadi 35. Ina nguvu, na mahali tambarare ni msaada mkubwa. Kwenye mteremko, mbali na uzito wake, ina tatizo lisiloonekana. Injini nyingi za namna hii ni za mipigo minne, na oili yake hukaa chini ya injini kama maji katika sufuria. Ukiinamisha sufuria, maji huhamia upande mmoja. Injini ikiinamishwa kupita kiasi kilichotajwa na mtengenezaji, sehemu nyingine hukosa oili, na inaweza kukwama na kuharibika kabisa. Fundi akiifungua ataona kuwa ilikosa oili, na huenda dhamana ikakataliwa.

Aina ya tano ni mashine ya kufyekea inayobebwa begani, yenye mpini mrefu na kisu au uzi wa nailoni kwenye ncha. Mara nyingi uzito wake ni kati ya kilo 5 na 9, na kwa kuwa haina magurudumu haiwezi kuteremka yenyewe. Kwa mteremko unaozidi nyuzi 15, hii ndiyo inayofaa zaidi katika zinazopatikana kwa urahisi. Chagua yenye mkanda wa mabega mawili, na uivae dukani kwa dakika kumi kabla ya kulipa. Mgongo wako utakushauri vizuri. Kama injini ni ya mipigo miwili, petroli huchanganywa na oili iliyoandikwa 2T kwa kipimo kilicho kwenye kitabu. Kitabu kikisema 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli. Kikisema 25 kwa 1, ni mililita 40. Usikadirie kwa kizibo cha chupa. Kama injini ni ya mipigo minne, hakikisha imeelezwa wazi kuwa inaweza kufanya kazi ikiwa imeinamishwa kwa pembe yoyote, kwa sababu zipo zinazoweza na zipo zisizoweza.

Kwa ukamilifu nitaje aina moja zaidi. Katika miaka ya 1960, Msweden Karl Dahlman alibuni mashine isiyo na magurudumu, inayoelea juu ya hewa inayosukumwa chini na feni yake. Huko Ulaya hupendwa na wenye bustani za miteremko. Ukiikuta hapa ikiwa mtumba, kagua mambo mawili kabla ya kuipenda: kama spea zake zinapatikana, na kama umeme wake unalingana na wetu. Umeme wetu ni wa volti 230. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Marekani huhitaji volti 120, na cha Japani volti 100. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye soketi yetu, utakiunguza.

Ukishafika dukani ukiwa na kipimo chako mkononi, fanya mambo matano. La kwanza, inyanyue mashine. Kama huwezi kuinyanyua kwa mikono miwili na kupanda nayo ngazi tatu, si nyepesi kwako, hata kama muuzaji anaibeba kwa mkono mmoja. La pili, ombi iwashwe, kisha mshikio wa usalama uachiwe. Kisu kisiposimama ndani ya sekunde chache, iache. La tatu, soma kibao cha mtengenezaji kilichobandikwa kwenye mashine: jina, modeli, namba, uzito, volti au ukubwa wa injini. Kibao kilichokwanguliwa au chenye tahajia za ajabu kinaashiria bidhaa bandia. La nne, taja kwa majina spea tatu, yaani kisu, plagi na kamba ya kuwashia, ukaulize kama zipo dukani leo. La tano, mweleze muuzaji waziwazi kwamba mashine ni ya kiwanja chenye mteremko, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana.

Jambo hili la tano wengi hulipuuza, nalo lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kazi anayoihitaji bidhaa, na akautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, ana hoja imara zaidi bidhaa isipofaa kwa kazi hiyo. Vilevile Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ukiona bidhaa ni bandia au umepotoshwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ukiwa na shaka juu ya ubora na usalama wake, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania. Kote huko utaulizwa risiti. Asiye na risiti atakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha alinunua wapi na lini.

Mashine ikishafika nyumbani, mteremko bado upo. Kata kwa kuvuka ubavu wa kilima, kushoto na kulia, wala si kupanda na kushuka. Usiivute mashine ya magurudumu kuelekea miguuni mwako. Vaa viatu vilivyofunika vidole na visivyoteleza, na miwani ya kukinga macho. Kabla ya kuanza, pitia kiwanja chote uokote mawe, chupa, vifuu na makuti. Kisu hurusha kifuu kama jiwe la kombeo. Unapotumia mashine ya begani, watu wote, hasa watoto, wakae mbali nawe mita 15, na asiwepo mtu upande wa chini. Mshikio wa usalama usifungwe kwa mpira, kamba wala waya. Ukikuchosha, pumzika.

Wala msikate majani mpaka ardhi ionekane. Kwenye kilima, mizizi ya majani ndiyo inayoshika udongo wakati wa masika. Acha urefu wa sentimita 5 hadi 7. Mahali palipo pakali kupita sentimita 36 katika kipimo chetu cha ubao, yaani zaidi ya nyuzi 20, fikirini upya kama panahitaji mashine. Panda mistari ya mchaichai au vetiva kwa kukingama mteremko, na sehemu iliyobaki ifyekwe kwa fyekeo mara chache kwa msimu. Tena, si lazima kila kaya imiliki mashine. Nyumba nne au tano zinaweza kununua moja ya begani kwa pamoja, au kumlipa kijana mwenye mashine na ujuzi wa kuitumia. Kutonunua nako ni uamuzi wa mlaji mwenye busara.

Huenda mnataka kujua shangazi alifanya nini baadaye. Tulikipima kiwanja chake kwa ubao na chupa ya maji. Mbele ya nyumba tulipata sentimita 12, na ubavuni sentimita 33. Mbele anakata mwenyewe kwa mashine ya mkono isiyo na injini. Ubavuni amepanda mchaichai kwa mistari, na kijana yuleyule, sasa akiwa na buti miguuni, huja na mashine ya begani mara mbili kila msimu. Ile ya kilo 32 tulimuuzia jirani wa baba mdogo, Kibaha, baada ya kwenda kukipima kiwanja chake kwanza. Kilikuwa na sentimita 6. Mpaka leo inamfanyia kazi bila lawama.

Ndugu zangu, ubao wa mita moja mnao, na chupa ya maji mnayo. Naomba kila mwenye nia ya kununua aanze kwa kupima, kisha aende dukani na kipimo chake. Aliye na swali asiondoke nalo. Nitabaki hapa kuwasikiliza.